Uonevu wa mtandaoni chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu malezi na nia za anayeonea

Maswali haya hurudi kila muhula. Huletwa na wanafunzi wanaoonewa, wazazi waliopigiwa simu na chuo, walezi wa mabweni na, mara chache na kwa sauti ya chini, anayeonea mwenyewe. Karibu yote huishia kwenye neno lilelile: kwa nini? Majibu yanaanza na ya msingi, lakini kila moja linasomeka peke yake. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Uonevu wa mtandaoni ni nini, na unatofautianaje na ugomvi wa kawaida?

Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: anayefanya amekusudia kuumiza, anarudia, na kuna pengo la nguvu kati yake na anayeumizwa. Wanafunzi wawili wanaotupiana maneno makali kwa sababu mmoja hakufanya sehemu yake ya kazi ya kikundi, kila mmoja akijibu anavyoweza, wanagombana tu. Lugha inaweza kuwa chafu na bado usiwe uonevu.

Mtandaoni, vipimo viwili kati ya hivyo hubadilika sura. Kurudia hakuhitaji tena mtu mmoja arudie: picha hutumwa mara moja, wengine arobaini wakaisambaza, na mwenyewe akakutana nayo upya kila afunguapo simu. Nguvu nayo si misuli. Ni kuwa na picha ambayo mwenzako asingependa ionekane, kuwa admini wa grupu, kuwa na wafuasi wengi, au kujificha nyuma ya akaunti feki wakati yeye yupo pale kwa jina lake kamili.

Tutazame tukio moja kwa karibu. Mwanafunzi anawasilisha kazi mbele ya darasa, anakwama kwenye neno, mdomo wazi, macho juu akilitafuta. Mtu wa viti vya nyuma anapiga picha. Saa nne usiku picha ile imeshakuwa stika kwenye grupu la darasa, na kuanzia hapo kila anayeulizwa jambo asilolijua anajibiwa kwa stika hiyo. Hakuna tusi hata moja lililoandikwa. Mwenye sura ile hajanyoosha mkono darasani tangu siku hiyo. Huo ni uonevu kamili.

2. Hawa ni watu wazima. Mbona bado wanafanya mambo ya watoto wa shule?

Kwa sababu kufikisha miaka 18 hakumfanyi mtu akomae siku ileile. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Wakati huohuo kijana ametoka nyumbani, hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi, na anashindania kila kitu kwa mara moja: alama, marafiki, mpenzi, uongozi wa wanafunzi, nafasi ya kuonekana ni mtu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Chuoni huwezi kutoka kirahisi kwenye grupu. La darasa ndilo linalotangaza mtihani umehamishiwa chumba gani, la bweni ndilo linalosema maji yamekatika. Anayeonewa hulazimika kubaki mle mle anamoonewa, miaka mitatu au minne.

3. Inakuwaje mtu mpole ana kwa ana awe mkatili kwenye simu?

John Suler, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza hali hii mwaka 2004: mtandao huwalegeza watu breki. Huonekani, hutajwi jina, humwoni unayemwambia akibadilika sura, na jibu lake utalisoma utakapotaka. Uso wa mtu unayemuumiza ndio unaokuzuia kuendelea. Ukiondolewa uso, kizuizi kimeondoka.

Lakini kulegea breki hakusemi gari linaelekea wapi. Watu wengi wakilegea mtandaoni husimulia siri zao au hufariji wasiowajua. Mwingine hutukana. Tofauti hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye malezi na nia.

## Nyumbani

4. Je, malezi yana mchango kweli, au tunawasingizia wazazi?

Yana mchango. Katika miaka ya 1960 Diana Baumrind alitofautisha malezi ya kimabavu, malezi ya kulegeza kamba, na malezi ya mzazi mwenye msimamo anayesikiliza na kueleza sababu. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliongeza aina ya nne: mzazi asiyeweka mpaka wala kuonyesha kujali.

Kila nyumba kati ya hizi humfundisha mtoto jambo kuhusu nguvu. Penye mabavu anajifunza kwamba mwenye nguvu haelezi, na kwamba kuonewa ni zamu tu: leo yangu, kesho ya mwingine. Aliyelelewa bila kuambiwa “hapana” huiona “hapana” ya kwanza chuoni kama tusi, iwe imetoka kwa msichana aliyemkataa au mwenzake aliyemshinda kura. Aliyetelekezwa hutafuta kuonekana kwa njia yoyote, na hakuna njia ya haraka kama kumfanya mtu mmoja kichekesho mbele ya mia mbili. Anayelelewa na mzazi mwenye msimamo na masikio hupata kitu ambacho wengine hawakupata: ameshaona mtu mwenye mamlaka akikasirika bila kudhalilisha.

Huo ni mwelekeo tu. Swali la 8 linaeleza kwa nini.

5. Hakupigwa wala hakutukanwa nyumbani. Angejifunza wapi ukatili?

Kwa kutazama. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kujazwa hewa. Watoto hawakuguswa wala kuagizwa lolote. Walipoachwa na mwanasesere yule, wengi wao waliiga mapigo na hata maneno yaleyale aliyoyatamka mtu mzima.

Sasa hebu fikiria nyumba isiyo na kipigo. Baba akiwa mezani anasoma kwa sauti ujumbe wa mfanyakazi mwenzake, anaiga lafudhi yake, kila mtu anacheka. Mama akikasirika hapigi kelele, ila hamsemeshi mtu siku nne. Hakuna aliyeumizwa mwili. Mtoto ameshajifunza mawili: udhaifu wa mtu ni burudani ya halali, na kumtenga mtu kunamrudisha kwenye mstari. Miaka kumi baadaye anafungua grupu jipya lenye watu wote wa chumba isipokuwa mmoja, wala haoni amefanya nini kibaya.

Kuna mzunguko mwingine alioueleza Gerald Patterson alipochunguza familia zenye watoto wakorofi. Mzazi anamwambia mtoto azime televisheni. Mtoto anapiga kelele, mzazi anapaza sauti, mtoto anazidisha, mzazi anachoka na kuachia. Wote wawili wamelipwa: mtoto amebaki na televisheni, mzazi amepata kimya. Jambo hilo likirudiwa mara maelfu, mtoto anakua akijua kwamba anayepandisha zaidi ndiye anayeshinda. Chuoni anadaiwa pesa aliyokopa, anajibu: “Endelea kunidai, niziweke hadharani zile chati zako.” Mwenzake ananyamaza. Somo la sebuleni limefanya kazi tena.

Nami nataka kuongeza jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: grupu la familia. Kwa vijana wengi ndilo darasa la kwanza la adabu ya mtandaoni. Mjomba anaweka picha ya mpwa aliyenenepa na maneno ya kejeli chini yake. Watu wazima kumi na mbili wanaweka vikaragosi vya kucheka. Mpwa mwenyewe, yuko peke yake chumbani, anaandika “haha” kwa sababu hana jibu jingine linaloruhusiwa. Shangazi anatangaza matokeo ya binamu mmoja akimtaja mwingine kwa jina, “na wewe je?” Halafu tunashangaa vijana hawajui mpaka wa utani.

6. Kaka na dada wana nafasi gani?

Kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa wengi, ndugu ndiye mtu wa kwanza kuwaonea au kuonewa nao, na wazazi hulipuuza kwa kusema “hao ni ndugu, watapatana wenyewe.” Aliyezoea kuvamiwa simu na kaka yake kila siku huona faragha ya mwingine kama kitu cha kuchezea. Mzazi asiyeamua kesi hizo ndogo anakuwa amezihukumu kwa faida ya mwenye nguvu.

7. Nikifuatilia simu ya mwanangu, nitamzuia?

Kwa mwanafunzi wa chuo, mara nyingi hapana, na si kwa sababu yuko mbali tu. Mwaka 2000 watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliochunguza vijana nchini Swideni, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya yale mzazi anayoyajua kuhusu mwanawe hutokana na mtoto kusimulia mwenyewe, kuliko na mzazi kupeleleza. Na kujua huko ndiko kulikoendana na tabia njema.

Kwa maneno mengine, kinachomlinda kijana ni kuwa na mtu nyumbani anayeweza kumpigia na kusema “leo nimefanya jambo la aibu” bila kuogopa kugeuzwa habari ya ukoo mzima. Mzazi anayedai neno la siri la simu hupata simu safi. Akaunti ya pili haimo humo.

8. Huyu ametoka familia yenye upendo na heshima. Imekuwaje?

Hutokea, tena sana. “Mtoto wa nyoka ni nyoka” ni methali inayomwonea mtoto na mzazi kwa pamoja. Malezi huongeza au kupunguza uwezekano, hayaandiki hukumu. Kijana mwenye wazazi wazuri anaweza kuingia kwenye kundi ambalo bei ya kukaa ndani ni kumcheka aliye nje, akalipa bei hiyo kila usiku.

Pia kuna upendo usiofundisha mpaka. Familia inaweza kumpenda mtoto sana na kumtetea katika kila kosa: mwalimu ndiye mwenye chuki, jirani ndiye mchokozi. Mtoto huyo amependwa kweli, lakini hajawahi kukaa na aibu ya kosa lake mpaka mwisho.

9. Wazazi wakiachana, au mtoto akilelewa na mzazi mmoja, ndiyo chanzo?

Hapana. La kutazama ni hali ya hewa ndani ya nyumba, si idadi ya wazazi. Wazazi wawili wanaodharauliana mbele ya watoto kila jioni humfundisha mtoto zaidi kuhusu dharau kuliko mzazi mmoja mtulivu. Kutengana kunaumiza pale watoto wanapogeuzwa wapeleka ujumbe na wapelelezi, kwa maana hapo wanajifunza kwamba habari za mtu ni silaha.

## Nia za anayeonea

10. Watu wanaofanya hivi wanatafuta nini hasa?

Ukiwasikiliza kwa utulivu, wachache husema “nilitaka kumuumiza” kama jambo la kwanza. Husema mambo mengine, na ndani ya mambo hayo ndimo nia ilimo.

Kwanza kuna kisasi. Anahisi alidharauliwa kwanza: alikosolewa mbele ya watu, aliachwa kwenye tiki za bluu, aliondolewa kwenye kikundi cha kazi. Mara nyingine dharau hiyo haikuwepo. Watafiti wa tabia ya watoto, Kenneth Dodge akiwa mmojawapo, wameonyesha kwamba wapo watu wanaosoma ubaya katika jambo lisilo na maana dhahiri. Ujumbe usemao “sawa.” wenye nukta mwishoni kwa mmoja ni “sawa”, kwa mwingine ni kofi. Na aliyekulia kwenye nyumba ambamo ilibidi kusoma sura ya mzazi ili kujua kama leo kuna amani, ndiye mwenye jicho kali zaidi la kuona uadui, hata pasipokuwepo.

Kisha kuna kutaka kukubalika. Huyu hana ugomvi wowote na anayemcheka, pengine hata anampenda. Anaogopa tu kuwa yeye ndiye atakayefuata. Ukimtoa kwenye kundi lake kwa wiki mbili, hana habari na mtu. Hawa ndio wengi kwenye kila tukio nililowahi kulifuatilia, na ndio wanaobadilika upesi wakipata rafiki mmoja wa kweli.

Wivu haukiriwi na mtu. Huvaa nguo ya haki: “Nilitaka watu wajue alivyo kweli.” Aliyepata ufadhili, aliyependwa na mhadhiri, aliyepata mpenzi ambaye mwingine alimtaka, hujikuta akichimbuliwa picha za miaka mitano nyuma. Wivu huu mara nyingi umeoteshwa nyumbani kwa kulinganishwa (swali la 5). Mtoto aliyekuwa akipimwa kwa binamu yake kila likizo hufika chuoni akiwa na mizani hiyo mkononi.

Nguvu, kwa wengine, ndiyo yenyewe. Mtu asiye na sauti nyumbani, darasani wala kwenye mapenzi, anagundua kwamba akaunti isiyo na jina inaweza kulitikisa bweni zima. Nguvu hiyo humlevya.

Na kuna uchovu wa kukaa bure usiku. Ni nia nyepesi kabisa, na matokeo yake si mepesi hata kidogo.

11. Si ndio kusema waonevu ni watu wasiojiamini?

Wengine ndiyo. Lakini mwaka 1996 Roy Baumeister na wenzake walitoa hoja kwamba hatari zaidi ipo kwa mtu anayejiona mkubwa na ambaye ukubwa huo umeguswa. Asiyejithamini mara nyingi hujifungia. Anayejithamini kupita kiasi, akipata alama ya chini kuliko aliyemdharau, ndiye anayetafuta mtu wa kulipia. Kwa hiyo kumjaza mtu wa namna hii sifa ili “ajiamini” ni kuumwagia moto mafuta. Anachohitaji ni kujifunza kushindwa na abaki mzima.

12. Wanasema walikuwa wanatania. Tuwaamini?

Mara nyingi wao wenyewe wanaamini, na hapo ndipo ugumu ulipo. Bandura, yuleyule wa swali la 5, baadaye alieleza jinsi watu wa kawaida wanavyoizima dhamiri yao kwa muda ili wafanye wasichokubali. Hulipa jambo jina laini: “utani”, “kumchangamsha”. Hulinganisha na baya zaidi: “kuna waliomfanyia makubwa kuliko hili”. Hugawana lawama: “mbona wote tulicheka”. Hupunguza madhara: “si ni simu tu, azime”. Humtupia aliyeumizwa: “kwa nini alivaa vile?” Mwishowe humvua utu, akaitwa kwa jina la mnyama au la stika yake.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na hapa inafaa kama dawa kwenye kidonda. Kipimo changu ni chepesi. Utani una njia ya kutokea: mwenye kutaniwa akisema “inatosha”, unakoma, naye anaweza kutania pia. Akisema inatosha na stika zikaongezeka, hapo hakuna utani tena.

13. Je, wapo wanaofurahia tu maumivu ya mwenzao?

Wapo, ni wachache. Mwaka 2002 Delroy Paulhus na Kevin Williams waliweka pamoja tabia tatu zinazokaribiana: kujitukuza, hila za kuwatumia watu, na ubaridi wa moyo usiojali maumivu ya wengine. Baadaye watafiti waliongeza ya nne, kufurahia kuumiza. Tabia hizi hujitokeza mara kwa mara kwa wanaowachokoza na kuwaonea watu mtandaoni.

Usikimbilie kumbandika mtu jina hilo. Ni kazi ya mtaalamu, na ukishamwita mtu hivyo umefunga mlango wa kuzungumza naye. Lakini ukikutana na mtu ambaye machozi ya mwenzake yanamchangamsha zaidi, usipoteze muda kumweleza jinsi unavyoumia. Nenda moja kwa moja kwenye ushahidi na mamlaka (swali la 18).

14. Mtu aliyeonewa anaweza kugeuka mwonevu?

Ndiyo, na hawa ndio hubeba mzigo mara mbili: wana huzuni ya anayeonewa na lawama za anayeonea. Mtandao huwapa nafasi ambayo uwanja wa shule haukuwapa. Kijana aliyekuwa mdogo wa mwili, aliyenyang’anywa vitu vyake miaka sita, chuoni hahitaji mwili. Mara nyingi humlenga mtu anayefanana naye alivyokuwa zamani kuliko aliyemtesa. Hilo nimeliona zaidi ya mara moja, na kila mara linanivunja moyo.

15. Na mapenzi yakivunjika, picha za faragha zikasambazwa?

Hapa nia huwa mchanganyiko wa kisasi na kumiliki: “kama si wangu, asiwe wa mtu kwa amani.” Aliyelelewa kuona mwenzi kama mali hudhani picha aliyotumiwa kwa upendo ni hati ya mali hiyo. Sivyo. Ruhusa ya kuitazama si ruhusa ya kuionyesha, na katika nchi nyingi kuisambaza ni kosa la jinai.

Faragha ikivunjwa madhara huja upesi. Septemba 2010, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alijiua siku chache baada ya mwenzake wa chumba kumtazama kwa siri kwa kamera ya kompyuta akiwa na mpenzi, na kuwatangazia wengine mtandaoni. Alikuwa na miaka 18.

## Nyumba na nafsi zinapokutana

16. Basi kipi kina uzito: familia au mtu mwenyewe?

Nyumbani alijifunza jinsi. Haja ya leo ndiyo inayomwambia nani na lini.

Wawili wanaweza kutoka kwenye nyumba zinazofanana kwa ukali, mmoja akawa mpole kupita wote, mwingine akaonea. Huyu wa pili ana kitu anachokitafuta usiku ule na hajui njia nyingine ya kukipata. Kwa hiyo ukimkalisha aliyeonea, muulize yote mawili: “Ulijifunza wapi kwamba hivi ndivyo mtu anavyonyamazishwa?” na “Usiku ule ulitaka upate nini?” La kwanza huchukua majuma kujibiwa, wakati mwingine kwa kilio. La pili hujibiwa siku hiyohiyo, na ndilo linalofungua njia ya kumsaidia, kwa kuwa utoto wake huwezi kuubadilisha ila unaweza kumtafutia njia safi ya kupata heshima, marafiki au haki anayoona amenyimwa.

17. Akiwa na historia mbaya ya nyumbani, asiadhibiwe?

Awajibishwe. Kuelewa chanzo hakumrudishii aliyeumizwa usingizi wake. Wengi wenye historia hiyohiyo hawakumgusa mtu, na kusema “hakuwa na budi” ni kuwatukana hao. Historia isaidie kuchagua hatua itakayomrekebisha: kufuta na kukanusha hadharani, ushauri nasaha wa lazima, kuondolewa uadmini au uongozi, na kusimamishwa masomo pale hatari ni kubwa.

## Nifanye nini mimi

18. Ninaonewa sasa hivi. Kujua sababu zake kunanisaidia nini?

Kunakusaidia uache kujiuliza una kasoro gani. Sababu zote ulizosoma hapo juu ziko kwake.

Zaidi ya hapo, sababu zake si kazi yako. Usijibu ukiwa na hasira, maana jibu lako litakatwa na kuzungushwa bila mwanzo wake. Piga skrinishoti zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, kabla hajafuta. Zihifadhi mahali pawili. Ndipo umbloku, uiripoti akaunti, na upeleke ushahidi kwa mlezi wa wanafunzi ukiwa na mtu mmoja wa kukusindikiza, kwa sababu kueleza jambo hili peke yako mbele ya meza ya ofisi ni kugumu. Kukiwa na vitisho au picha za faragha, nenda polisi pia.

Ukijikuta unafikiria kutoishi, usisubiri hatua hizo. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, mgongee mlango hata kama ni usiku wa manane, au mwende pamoja hospitali.

19. Nilikuwepo kwenye grupu nikanyamaza. Nina kosa?

Una sehemu. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley waliwafanyia jaribio wanafunzi wa chuo kikuu huko New York, ambao kupitia kipaza sauti walimsikia mtu waliyedhani ni mwenzao akipatwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, asilimia 31. Sasa piga hesabu ya grupu la watu mia mbili.

Nami niliwahi kunyamaza. Nikiwa mwanafunzi, mwenzetu mmoja alifanyiwa kejeli juma zima kwa sababu ya viatu vyake, nikasoma kila ujumbe, sikuweka kikaragosi hata kimoja, nikajiona mwema. Alihama darasa. Siku ya mwisho aliniambia: “Nilikuwa naangalia nani ameona.” Sijaisahau sentensi hiyo.

Huhitaji kupigana na kundi. Andika pale pale, “Hili limetosha.” Halafu mwandikie aliyeonewa kando umjulishe kwamba uliona na hukupendezwa.

20. Chuo kimenipigia: mwanangu ndiye aliyeonea. Nianzie wapi?

Usianze na kumtetea wala kumfokea. Atakuwa amejiandaa kwa yote mawili. Omba uone alichoandika, ukisome chote, naye akiwepo. Kisha muulize maswali mawili ya swali la 16, na ukae kimya mpaka ajibu.

Jiandae kwa jibu linalokuhusu. Akisema “hata wewe humwita mama hivyo”, usimkatishe. Ukikubali kosa lako bila kujieleza sana, anaona kwa macho yake jinsi mtu mzima anavyokubali kosa, na huenda ni mara yake ya kwanza kuona. Wako watakaokwambia samaki mkunje angali mbichi, umeshachelewa. Mimi nimeona watu wa miaka 22 wakikunjika.

21. Ni mimi ninayefanya, na nataka kuacha. Nifanyeje?

Anza na saa. Tazama jumbe zako za nyuma uone unaziandika wakati gani na baada ya nini: baada ya matokeo, baada ya simu ya nyumbani, ukiwa umekunywa, ukiwa peke yako Jumamosi usiku. Ukishaijua saa yako, simu isiwe mkononi saa hiyo. Ukiandika jambo kwa hasira, liache kwenye daftari la simu mpaka asubuhi. Wengi wakilisoma asubuhi hulifuta bila kuambiwa na mtu.

Mwone mshauri nasaha wa chuo, na mweleze unachokitafuta, siyo ulichofanya peke yake. Kama unalegezwa na kundi, rudi swali la 10. Kama wewe mwenyewe uliwahi kuonewa, anza na swali la 14.

Kisha radhi. Futa ulichoweka, waandikie uliowatumia wafute pia, na uombe radhi mahali palepale ulipomdhalilisha, mbele ya waliocheka. Taja ulichofanya kwa jina lake: “Nilitengeneza stika kwa picha yake bila ruhusa na nikaisambaza. Nilikosea. Tafadhali ifuteni.” Usiongeze “kama kuna aliyeumia”, wala usieleze ulikuwa unapitia nini. Yeye mtumie ujumbe mfupi wa peke yake, halafu usimuulize kama amekusamehe.